Utando wa PRF kwa kidonda cha mguu kisichofunga: jinsi ya kuutengeneza kwa sentrifuji ya kawaida ya maabara

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi wa chumba cha vidonda na watu wa maabara kwenye hospitali kama za Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, ambako mgonjwa wa kisukari anakuja kila wiki kubadilishiwa gozi na kidonda kiko palepale. Si kazi ya kufanyia nyumbani, wala ya duka la dawa.

Njia za kutibu kidonda kwa chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) za mgonjwa mwenyewe ziko mbili. Ya kwanza ni PRP (platelet-rich plasma): damu ya mgonjwa inachotwa kwenye tyubu yenye dawa ya kuzuia kuganda, kwa kawaida inazungushwa mara mbili kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi), kisha plazima yenye chembe sahani nyingi inagandishwa kwa kalsiamu kloraidi. Ya pili ni PRF (platelet-rich fibrin; fibrini ni nyuzi za protini zinazojifunga damu ikiganda), iliyoanzishwa Ufaransa na Joseph Choukroun mwaka 2001: damu inaingia kwenye tyubu tupu, inazungushwa mara moja, inaganda yenyewe. Kwa kidonda cha wazi mguuni, chagua PRF. Haina dawa ya kuongeza wala mzunguko wa pili, na kinachotoka ni utando unaoshikika kwa fosepsi, si maji yanayotiririka hadi kisigino. Nyuzi za fibrini pia huvishikilia vichocheo vya ukuaji vinavyotolewa na chembe sahani na kuviachia kidogo kidogo kwa siku kadhaa. PRP waachie wanaochoma sindano kwenye magoti.

Mgonjwa aambiwe ukweli kabla hajatoa ridhaa. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2018 kutoka Uingereza, Denmark na Sweden, utando wa jamii hii uliwekwa kila wiki kwenye vidonda vigumu vya kisukari. Ndani ya wiki 20 vilifunga asilimia 34, dhidi ya asilimia 22 kwa waliopata matunzo ya kawaida peke yake. Ni faida ya kweli, lakini wengi bado hawakufunga.

Hatua ya 1: Je, kidonda kinastahili?

Anza na wiki nne za matunzo ya kawaida: nyama iliyokufa imekatwa, maambukizi yametibiwa, sukari inafuatiliwa, mguu haukanyagiwi. Eneo likipungua kwa nusu au zaidi, endelea hivyohivyo, usimtoe mtu damu bure. Lisipofika nusu, songa mbele.

Papasa mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Usipoyapata, pima uwiano wa presha ya kifundo na ya mkono. Ukiwa chini ya 0.5, huyo anahitaji daktari wa mishipa ya damu, na utando wowote utaoza juu ya nyama isiyopata damu. Ukizidi 1.3 usishangilie: mishipa ya wenye kisukari hukakamaa kwa chokaa na kipimo kinadanganya.

Ingiza kijiti cha chuma kilichotakaswa ndani ya kidonda. Kikigonga kitu kigumu, shuku maambukizi ya mfupa, piga eksirei na utibu hayo kwanza. Kidonda cha miaka mingi, hasa kilichoota juu ya kovu la moto au chenye kingo zilizoinuka na kujikunja, kinakatwa kipande kidogo cha nyama na kupelekwa kupimwa saratani kabla ya lolote. Vichocheo vya ukuaji haviwekwi juu ya saratani.

Upande wa damu: hemoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita au chembe sahani chini ya 100,000 kwa mikrolita, ahirisha. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, atakupa utando legelege au asikupe kabisa. Aspirini haizuii damu kuganda kwenye tyubu, endelea.

Hatua ya 2: Tyubu

Vifaa vingine vyote unavyo tayari. Tatizo ni tyubu. Unataka tyubu ya kioo, tupu, ya mililita 9 au 10. Usichague kwa rangi ya kofia, soma lebo. Tyubu nyingi zenye kofia nyekundu zinazopatikana madukani ni za plastiki zilizopakwa unga wa silika wa kuharakisha kuganda. Utando utatoka, tena haraka, ila unaweza kubeba chembe za unga huo hadi kidondoni. Yenye jeli chini haifai, kwa sababu jeli hupanda katikati na kuharibu tabaka. Ya zambarau ina EDTA na ya bluu ina sitreti: kwa hizo utasubiri hadi jioni na damu haitaganda.

Hatua ya 3: Kasi ya mashine

Maelekezo yanayosambaa yanasema "2700 kwa dakika 12", na hapo ndipo wengi wanapotelea. Namba hiyo ni mizunguko kwa dakika kwenye mashine ndogo ya mezani. Kinachotenganisha damu ni nguvu inayoipata, na nguvu hiyo hutegemea pia urefu wa mkono wa mashine. Hesabu yake:

nguvu (g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia) = 0.00001118 × urefu wa mkono kwa sentimita × mizunguko × mizunguko

Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi kitako cha tyubu. Kama vikombe vya mashine yako huning'inia, viinue vilale kama vinavyolala mashine ikikimbia, ndipo upime. Mkono wa sentimita 8 kwa mizunguko 2700 unatoa kama g 650, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Mashine kubwa ya sakafuni yenye mkono wa sentimita 15, ukiiweka 2700, inatoa zaidi ya g 1,200. Chembe sahani na chembe nyeupe zinasukumwa chini pamoja na chembe nyekundu, na utando unaobaki ni mzuri kwa macho lakini umepungukiwa na kile unachokitaka. Kwa mkono huo weka kama 1970.

Mashine za zamani zina kitasa chenye namba 1 hadi 10 tu. Hizo si mizunguko. Azima takometa (kipima mizunguko) kwa fundi wa vifaa tiba, bandika karatasi inayong'aa kwenye rota, ile sehemu inayozunguka, pima kila namba na uiandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko. Ya kuzungusha kwa mkono isahau.

Hatua ya 4: Kutoka mshipani hadi kwenye mashine

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Tyubu haina kitu cha kuzuia damu isigande, kwa hiyo saa imeanza kuhesabu tone la kwanza lilipogusa kioo. Mashine inatakiwa iwahi kuzipanga chembe kabla fibrini haijazifunga pale zilipo. Ukichelewa, fibrini inajifunga ovyo na chembe nyekundu zikiwa ndani yake, na mwisho wa dakika 12 unatoa kipande kidogo chekundu kinachosambaratika kwenye gozi. Mashine haina kosa, wala damu ya mgonjwa haina kosa.

Lengo ni sekunde 60 hadi 90 kutoka tone la kwanza hadi kifuniko kimefungwa na rota inazunguka. Chumba cha maabara cha Dodoma saa nane mchana mwezi wa Oktoba, feni ikisukuma hewa ya moto tu, hakikupi hata sekunde ya ziada, kwa sababu joto huharakisha kuganda. Fanya kazi hii asubuhi. Usijaribu kuiwahi damu kwa kupoza tyubu kwenye friji: utachelewesha kuganda na utando utatoka dhaifu.

Sentrifuji iwe chumba kilekile alichokaa mgonjwa. Kama iko ng'ambo ya korido, mgonjwa aende maabara, damu isitembezwe. Kifuniko kiwe wazi, kasi na muda viwe vimeshawekwa, na msaidizi asimame kando ya mashine mikono mitupu. Anayechota hageuki, ananyoosha mkono tu na tyubu inapokelewa.

Mgonjwa awe amekunywa maji ya kutosha tangu asubuhi. Wengi hufika wamesafiri na basi kutoka mbali, hawajanywa kitu kwa kuogopa kukosa choo njiani, na mshipa umelala kabisa. Mpe nusu lita, msubiri. Tumia mshipa mnene wa kiwiko na sindano ya kipepeo ya geji 21. Ya 23 inatiririsha polepole mno. Tyubu isipojaa ndani ya sekunde 20 hivi, iache, hamia mkono mwingine na tyubu mpya. Mshipa ulioutafutatafuta na sindano nao ni wa kuacha, kwa kuwa tishu iliyojeruhiwa huanzisha kuganda mapema.

Chota tyubu mbili mbili. Mbili zinapangwa zikitazamana, mashine inaondoka. Ukihitaji nne, zungusha mbili za kwanza, maliza, ndipo uchote nyingine. Tamaa ya kuchota nne mfululizo inaua ile ya kwanza wakati unahangaika na ya nne. Na ukibaki na tyubu moja, usiisawazishe na maji ya ujazo uleule: damu ni nzito kuliko maji. Andaa mapema tyubu za maji zilizopimwa kwenye mizani zilingane na tyubu ya damu iliyojaa. Mashine inayotetemeka huvuruga tabaka hata kama kasi ni sahihi.

Usitikise tyubu wala kuipindua kama ulivyozoea kwa picha kamili ya damu. Zima breki ya mashine, iache isimame yenyewe.

Na umeme. Ukikatika katikati ya mzunguko, jenereta ikawaka baada ya dakika tatu, usibonyeze upya. Damu imeshaganda ilivyo, tupa. Inverta ndogo inayobeba sentrifuji kwa robo saa ina thamani kuliko seti za PRP zinazouzwa kwa bei ya mbuzi mzima. Bila inverta, chota baada ya kuuliza kama jenereta ina mafuta.

Hatua ya 5: Kutoa utando

Fungua kofia, acha tyubu zisimame wima dakika tano. Utaona maji ya njano juu, donge la rangi ya krimu katikati, chembe nyekundu chini. Shika donge kwa fosepsi na ulitoe lote na mkia wake mwekundu. Usikate pale rangi inapobadilika. Kwangua chembe nyekundu kwa mgongo wa mkasi, ukivuta taratibu kuelekea chini, na uache ukanda mwembamba wa waridi wa milimita moja au mbili ukining'inia. Hapo ndipo chembe sahani na chembe nyeupe zimesongamana. Anayekata safi kabisa ili utando uwe mweupe ametupa sehemu bora.

Laza donge kati ya gozi mbili tasa zilizoloweshwa kwa maji ya chumvi, juu yake kibamba cha chuma kilichotakaswa, kwa uzito wake tu, dakika tano. Usikandamize kwa kiganja. Tyubu moja inatoa utando wa takriban sentimita 1 kwa 3. Pima kidonda ujue unahitaji ngapi. Maji yanayokamuka yahifadhi kwa kulowesha kidonda.

Kila tyubu na kila bakuli liandikwe jina na namba ya faili. Siku ya kliniki wagonjwa wawili wasiandaliwe kwenye meza moja kwa wakati mmoja. Utando wa mtu ni damu ya mtu.

Hatua ya 6: Kuweka

Kwangua kidonda hadi kitoe damu kidogo, zuia damu kwa kubana, suuza kwa maji ya chumvi. Ayodini na haidrojeni peroksaidi zisiguse kidonda siku hiyo, maana zinaua chembe ulizohangaika kuzipata. Laza tando zipandiane kidogo kama mabati, zifike hadi kwenye kingo. Juu yake gozi ya vaselini, kisha gozi kavu, kisha bandeji. Asali iliyokuwa ikipakwa wiki iliyopita ipumzike kwanza.

Hatua ya 7: Siku saba zinazofuata

Gozi ya nje inabadilishwa ikilowa. Ya vaselini haiguswi hadi siku ya saba. Muuguzi wa zahanati ya karibu apewe maelezo hayo kwa maandishi, vinginevyo atafunua kila kitu kesho yake na kuosha. Utando ukilainika na kutoa harufu kidogo siku ya tano ni kawaida. Wekundu unaotambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni, joto, homa au usaha, mgonjwa arudi siku hiyohiyo.

Mguu usikanyagiwe. Kidonda cha chini ya unyayo kinataka plasta ngumu maalumu ya kisukari au kiatu kilichotobolewa mahali pa kidonda. Fundi wa katambuga, ukimchorea vizuri, anaweza kukitengeneza kwa mpira laini wa tabaka mbili. Wenye miguu isiyo na hisia kwa sababu ya ukoma wanahitaji hivyohivyo. Kidonda cha mishipa ya vena kinahitaji bandeji ya kubana, ila tu ule uwiano wa presha ukiwa 0.8 au zaidi.

Rudia kila wiki. Kila mara pima urefu na upana, piga picha yenye rula kando, andika kwenye faili. Kidonda kisipopungua baada ya mara nne hadi sita, acha kuchota damu na urudi hatua ya 1: mapigo, mfupa, kipande cha nyama cha kupima saratani, na umuulize mgonjwa, bila ukali, kama kweli kile kiatu anakivaa akienda shambani.