SOMO: Rufaa ya hataza ya kilainishi Marekani, mkaguzi akisema "ni dhahiri"

Nimechoka kujibu swali hilihili: nakataje rufaa mkaguzi wa hataza (patent) akisema mchanganyiko wangu ni dhahiri, yaani fundi yeyote wa fani angeufikia? Nabandika jibu hapa mara moja.

1. Madai yakishakataliwa mara mbili, wasilisha notisi ya rufaa na ada yake.

2. Ushahidi wa maabara uingie KABLA ya notisi. Hapa ndipo wengi wanapozama. Hati ya kiapo ya mkemia ukiileta baada ya waraka wa hoja, haipokelewi. Na linganisha na mchanganyiko wa zamani ulio karibu zaidi na wako, si oili tupu isiyo na viongezi. Umedai ZDDP (kiongezi cha kupunguza uchakavu) asilimia 0.5 hadi 2 ukapima 1 peke yake? Kipimo kimoja hakibebi masafa yote. Pima ncha zote mbili, katikati, na nje kidogo kila upande. Kwenye jaribio la mipira minne (ASTM D4172), kovu la uchakavu kwenye mpira likipungua kwa chini ya milimita 0.12 hiyo ni tofauti ya kipimo chenyewe, usijisifie. Tena "bora" haitoshi, iwe haikutarajiwa: katika kesi ya hataza ya Geisler (1997) ukinzani dhidi ya uchakavu uliongezeka kwa asilimia 26 na mahakama haikushawishika.

3. Waraka wa hoja: miezi 2 tangu notisi. Hoja usiyoiandika umeiacha.

4. Mkaguzi akijibu, una miezi 2 ya kumjibu na kulipa ada ya kupeleka jalada kwa bodi inayoamua rufaa. Usipolipa, rufaa imekufa.

MASWALI

– Hati ya zamani inasema asilimia 0.1–5 ya kiongezi, mimi 0.8–1.5. Haikutaja yangu, si nimeshinda?
– Hujashinda. Masafa yako yamo ndani ya yake, wewe ndiye wa kuthibitisha. Rudi hatua ya 2.

– Miezi 2 inaongezwa?
– Ya waraka, ndiyo, kwa kulipia. Ya hatua ya 4 hainunuliwi.

– Mkuu, mkaguzi kaunganisha hati ya grisi yenye MoS2 na ya oili ya injini. Mimi natumia MoDTC (zote ni viongezi vya molibdeni). Napingaje?
– Swali zuri. Tangu kesi ya KSR (2007) ya Mahakama ya Juu ya Marekani si lazima hati yenyewe iseme "changanya", ila mkaguzi bado anadaiwa sababu. MoS2 ni unga, hauyeyuki katika oili na hutuama usiposambazwa, MoDTC huyeyuka. Pia viongezi hugombania uso wa chuma, kwa hiyo faida ya kimoja haijumlishwi tu na ya kingine. Mkemia ndiye aseme hayo kwa kiapo, maneno ya wakili si ushahidi.

– Nyongeza: kwenye jaribio la mipira minne, kovu lipimwe mara mbili kwenye kila mpira kati ya mitatu ya chini, toa wastani wa sita. Na namba zote sita ziambatanishwe.