Kibali cha Kuegesha Gari London kwa Mpangaji: Anza na Anwani, Fomu Baadaye

Dada mmoja ninayemfahamu alipanga flati ya chini kwenye nyumba ya zamani ya matofali huko London. Siku ya pili baada ya kukabidhiwa funguo alifungua tovuti ya halmashauri kuomba kibali cha mkazi. Aliandika msimbo wa posta, akachagua namba ya flati yake, na kabla hajapakia hata karatasi moja akajibiwa kwamba anwani hiyo haistahili kibali. Jirani wa juu, anayeingilia mlango uleule wa mbele, anacho kibali miaka yote.

Jioni hiyo tulikaa pamoja tukapekua rejista ya mipango ya ujenzi ya halmashauri, ambayo iko wazi kwa mtu yeyote. Nyumba ile ilikuwa ya familia moja. Ilipogawanywa kuwa flati, ruhusa ilitolewa kwa sharti kwamba wakazi wa flati zilizoongezeka wasipewe vibali vya kuegesha barabarani. Sharti lenyewe lilikuwa mistari mitatu, karibu na mwisho wa hati. Dalali hakulitaja, na dada alikuwa ameshasaini mkataba wa miezi 12.

Kwa hiyo kabla ya lolote, elewa hili: kibali hufuata anwani. Unaweza kuwa na gari safi, bima hai na kodi ya halmashauri iliyolipwa hadi senti ya mwisho, na bado ukakataliwa kwa sababu ya nyumba unayolala. Sharti la namna hii huwekwa ndani ya ruhusa ya ujenzi, au kwenye makubaliano kati ya mjenzi na halmashauri, mara nyingi chini ya kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1990. Likishafungwa kwenye ardhi, nyumba ikiuzwa hata mara tatu linabaki palepale. Na linazidi kuenea: Mpango wa London wa 2021, unaoongoza ujenzi jijini, unataka majengo mapya yaliyo karibu na usafiri mzuri wa umma yaanze na wazo la kutokuwa na magari kabisa. Watu wengi hudhani jambo hili ni la maghorofa mapya ya vioo peke yake. Sivyo, na flati za nyumba zilizogawanywa ndizo zinazowanasa wapangaji wengi, kwa kuwa kwa nje hakuna dalili yoyote.

Kabla ya kusaini

Fanya mambo mawili siku hiyohiyo unapoipenda nyumba. La kwanza, mwandikie dalali barua pepe na umuulize kwa maneno ya moja kwa moja: mkazi wa flati hii, kwa namba yake, anaruhusiwa kupata kibali cha mkazi cha kuegesha barabarani? Usiulize kama "kuna parking". Atajibu kwamba barabara ina nafasi tele, na atakuwa amesema kweli bila kukusaidia kitu. Taka jibu la maandishi. Dalali hapaswi kukuficha taarifa muhimu inayogusa uamuzi wako wa kupanga, na maegesho ni miongoni mwa taarifa hizo. Ukija kulalamika baadaye, barua pepe ile ndiyo ushahidi wako.

La pili, usitegemee jibu lake peke yake. Ingia kwenye ukurasa wa maegesho wa halmashauri ya eneo hilo. Nyingi zina kisanduku cha kuandika anwani ili uone kama inastahili. Andika namba ya flati, usiishie namba ya jengo, kwa maana 14A na 14B zinaweza kupata majibu tofauti. Kama kisanduku hakipo, iandikie idara ya maegesho na utaje anwani kamili. Ukiwa na muda, tafuta anwani hiyo kwenye rejista ya mipango, fungua hati ya uamuzi na usake ndani yake maneno "car free" (bila magari) au "permit free" (bila vibali). Hati ni ndefu, lakini kompyuta itakupeleka kwenye mstari wenyewe.

Kuandaa karatasi

Ikiwa anwani inastahili, sehemu ngumu imepita. Halmashauri itataka mambo mawili: kwamba unaishi hapo na kwamba gari ni lako au unalitumia kihalali. Kwa makazi, mkataba wa upangaji wenye jina lako, tarehe na sahihi hutosha mara nyingi, na pengine utatakiwa kuongeza bili ya kodi ya halmashauri au ya umeme. Kwa gari, karatasi kuu ni kadi ya usajili, V5C.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kadi bado ina anwani ya zamani. Badilisha mapema kupitia DVLA, wakala wa serikali wa leseni za udereva na usajili wa magari, ni bure. Badilisha pia anwani ya leseni yako ya udereva, nayo ni bure. Kutowaarifu kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000 kwa kila moja. Wakati unasubiri kadi mpya, halmashauri nyingi hutoa kibali cha muda mfupi, kwa hiyo uliza badala ya kuacha gari barabarani ukiomba Mungu. Gari la kampuni litahitaji barua ya mwajiri inayotaja namba ya gari na jina lako. Hakikisha pia jina limeandikwa sawasawa kwenye karatasi zote. Wengi wetu tuna majina matatu, mkataba unachukua mawili na kadi inachukua mengine mawili, na ombi linarudishwa kwa hilo tu.

Kujaza fomu

Fomu yenyewe ni fupi. Fungua akaunti kwenye tovuti ya halmashauri, weka namba ya gari, pakia picha za karatasi zikionekana pembe zote nne, kisha lipa. Bei hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine, na nyingi hupanga ada kwa kiasi cha hewa ya ukaa kinachotolewa na gari, na kuongeza nyingine juu ya dizeli. Sehemu nyingi siku hizi hakuna karatasi ya kubandika kwenye kioo. Askari wa maegesho husoma namba ya gari na mfumo humwambia kama ina kibali. Herufi moja ikikosewa, gari lako halina kibali. Isome namba tena kabla ya kulipa.

Kibali kinakupa haki ya kutafuta nafasi ndani ya eneo lako tu. Hakikupi nafasi mbele ya mlango wako. Saa za udhibiti nazo hutofautiana: kuna barabara zinazodhibitiwa mchana kutwa, na nyingine kwa saa moja au mbili tu katikati ya mchana, ili kuwazuia wanaoacha magari hapo na kupanda treni kwenda kazini. Soma kibao cha barabara yako, usisome cha barabara ya pili.

Ukikataliwa kwa sababu ya anwani

Kwanza angalia kama unaingia kwenye misamaha. Mwenye Blue Badge, yaani kibali cha watu wenye ulemavu, kwa kawaida hafungwi na sharti hili. Huko England ada yake haizidi pauni 10, na hudumu hadi miaka mitatu. Kuna pia halmashauri zinazowalinda wakazi wao wa siku nyingi: Tower Hamlets, kwa mfano, ina mpango wa kuhamisha vibali kwa familia zinazohamia nyumba kubwa za halmashauri au za mashirika ya nyumba kwenye majengo yasiyoruhusu magari. Uliza pia vibali vya wageni. Baadhi ya halmashauri huwapa hata wakazi wasiostahili kibali chao wenyewe, na ndugu akija kukutembelea hutahangaika.

Kama huna msamaha, kukata rufaa ya kibali hakutasaidia sana, kwa sababu ofisa wa maegesho hana uwezo wa kufuta sharti la ujenzi. Nguvu zako zipeleke kwingine. Muulize mwenye nyumba kama jengo lina nafasi za ndani za kukodi. Ukiishi kwenye nyumba za halmashauri au za shirika la nyumba, maegesho ya ndani ya eneo huwa na utaratibu wake tofauti na wa barabarani, na huombwa kwenye ofisi ya nyumba. Kama dalali alikuandikia kwamba utapata kibali, mpelekee malalamiko rasmi, na asipokujibu ipasavyo yafikishe kwenye chombo cha usuluhishi ambacho kila dalali analazimika kisheria kujiunga nacho.

Na tafadhali, usitumie anwani ya shangazi au rafiki kupata kibali. Najua inafanyika na najua inavyoonekana ni jambo dogo. Kisheria ni udanganyifu, kibali hufutwa, na mnaweza kushtakiwa.

Ukikuta tiketi ya faini ya halmashauri kwenye kioo, una siku 28 za kulipa au kupinga, na ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Pingamizi likipelekwa ndani ya hizo 14, kwa kawaida punguzo hubaki hata likikataliwa, kwa hiyo usilipe kwa hofu kabla hujapiga picha kibao, mistari ya barabara na gari lilivyosimama.

Dada yule hatimaye alikodi nafasi kwenye ua wa jengo la jirani, dakika sita kwa miguu. Mwezi wa tisa wa mkataba alianza kutafuta nyumba nyingine, na safari hii barua pepe ya kwanza kwa dalali ilikuwa na swali moja tu.