Terra, Dubai: piga picha mbili, si moja

Ukienda kutazama Terra, lile banda la uendelevu lililobaki pale Expo City tangu maonyesho ya dunia ya 2020 (yaliyofanyika 2021 hadi 2022 kwa sababu ya Uviko), kabla ya kuingia ndani chagua "mti wa nishati" mmoja, weka alama mahali uliposimama, upige picha. Ukitoka baada ya saa moja na nusu hivi, simama palepale upige tena. Miti hiyo ya chuma imebeba sola na hugeuka kulifuata jua kama alizeti, ila polepole mno kiasi kwamba ukiikodolea macho utadhani ni mapambo tu. Ukilinganisha picha mbili ndipo unaona. Paa kubwa, lenye upana wa mita 130, nalo limejaa sola ila halizunguki, kwa hiyo usipoteze picha yako huko. Ujanja huu haufai ukifika magharibi, jua linapozama, wala ukiwa na dakika kumi tu. Kiangazi subiri ndani, sehemu kubwa ya kumbi iko chini ya ardhi na kuna ubaridi.