Kasuku Mchanga Anang'ata kwa Sababu Unavuta Mkono

Wengi wa kasuku wachanga wanaoitwa wakali hawana ukali wowote. Wamefundishwa kung'ata, na mwalimu wao ni mwenye nyumba mwenyewe. Ndege analetwa akiwa na umri wa miezi minne, mpole, anakula kiganjani. Akifika miezi minane hakuna anayethubutu kuingiza mkono tunduni. Anaishia kufungiwa, anaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua, mwishowe anagawiwa kwa jirani. Hasara yote hiyo inatokana na kosa moja: kuvuta mkono.

Tunamzungumzia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tangu anapoacha kulishwa uji hadi mwaka mmoja na nusu hivi, wakati macho yake yanatoka kwenye weusi kwenda kijivu, kisha manjano. Mambo ya tundu, maji na usafi mnayajua, tusirudie. Karatasi za kibali tu ndizo za kukumbusha: tangu Januari 2017 ndege huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kama huna kibali cha mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako, anza na hilo kabla ya kushughulika na mdomo wake.

Sasa mtazame anavyopanda tawi. Hainui mguu kwanza. Ananyoosha shingo, anafungua mdomo, anaushika ukuni anaotaka kuukanyaga. Anaubana, anautikisa kidogo, ulimi wake mweusi unaupapasa. Akiona umetulia, ndipo mguu unafuata. Mdomo kwake ni mkono, na hakuna mtu mwenye akili anayekanyaga ngazi asiyoijaribu.

Kidole chako nacho anakipima vivyo hivyo. Unanyoosha mkono, unaona mdomo umefunguka unakujia, unashtuka, unauondoa. Kasuku alikwisha kuegemea mbele. Anayumba, pengine anaanguka. Amejifunza kwamba mkono wa mtu ni ngazi mbovu. Kesho yake kidole kikija anakibana kwa nguvu zaidi ili kisimtoroke. Wewe unapiga yowe, unavuta tena. Baada ya siku chache anajifunza somo la pili, lililo baya kuliko la kwanza: akiuchoka mkono, akibana sana unaondoka. Hapo ndipo kung'ata kunapokuwa lugha yake, na haisahau upesi.

Kwa hiyo jifunzeni kutofautisha mambo matatu. Kugusa ni mdomo kutua kidoleni bila uzito. Kubana ni shinikizo lisiloacha alama, au linaloacha alama nyeupe inayofutika mara moja. Kung'ata ni ngozi kuchubuka au kutoka damu. Viwili vya kwanza havistahili adhabu wala kelele. Ni ndege anauliza swali.

Mkono uwekwe hivi. Bana kiwiko ubavuni, usikiache kinaning'inia. Nyoosha kidole cha shahada kilale sawa kama kijiti, vidole vingine vikunjwe chini yake, kidole gumba kifichwe. Kilete kutoka mbele, polepole, kiguse sehemu ya chini ya tumbo, sentimita moja au mbili juu ya miguu. Ukikiweka chini ya miguu hawezi kupanda. Ukikileta usawa wa kifua anaona unamsukuma. Sema neno moja, "Panda", mara moja tu. Kisha tulia, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Mdomo ukija, uache uje. Wanaosema "panda, panda, panda we!" huku kidole kinacheza kama mkia wa mjusi wasimlaumu ndege.

Akipanda, mpe nusu ya mbegu ya alizeti ndani ya sekunde mbili. Nusu, na iwe imekwisha kumenywa! Mbegu nzima inamchukua muda kuimenya na somo linakatika. Mbegu tano zikatwe nusu nusu, hapo una tuzo kumi, na hizo zinatosha kipindi kizima. Ziondoeni kabisa kwenye bakuli la chakula, maana asiyekuwa na hamu nazo hawezi kuzifanyia kazi. Wala si hasara kwake: kasuku wa kijivu anayeshinda kwenye alizeti peke yake hupungukiwa kalsiamu na vitamini A. Mchicha, sukuma wiki, karoti na boga la njano vinamfaa zaidi. Parachichi hapana, hata kipande, linaua.

Kipindi kimoja ni dakika tatu hadi tano. Viwili kwa siku, asubuhi kabla ya kulishwa na jioni kama saa kumi na moja. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu anaona ndege amepanda vizuri mara sita, anafurahi, anaendelea dakika ishirini. Ndege anachoka, anang'ata, na kitu cha mwisho alichokifanya siku hiyo ni kung'ata. Funga kipindi wakati bado anataka. Saa ya simu inapima dakika tano vizuri kuliko furaha yako.

Aliyekwisha zoea kung'ata asianze na kidole. Kata kijiti cha mpera, urefu wa sentimita 30 hadi 40, unene wa sentimita mbili hadi mbili na nusu, kibaki na gome lake. Chembamba zaidi ya hapo kinamtelezesha, na kinene hawezi kukizungushia vidole. Mfundishe "Panda" juu ya kijiti kwa siku saba hadi kumi. Kisha kila siku shika kijiti karibu zaidi na upande anaokanyaga, sentimita tatu tatu, mpaka mkono wako uwe karibu na miguu yake naye hajali. Siku hiyo kidole kinachukua nafasi ya kijiti. Ukiruka hatua kwa sababu "leo anaonekana mpole", utarudi mwanzo, na safari hii itakuchukua mara mbili. Ndege aliyekamatwa porini, yule anayenguruma akiona mkono tu, huanzia mbali zaidi: unasimama mita moja na nusu kutoka kwenye tundu, unasogea hatua ndogo ndogo siku hadi siku, na kila akibadilika mkao unarudi nyuma.

Kubadilika mkao ndiko kusomwe kabla ya mkono kutoka mfukoni. Mboni za macho zinapanuka na kusinyaa haraka haraka. Manyoya ya kisogo yanasimama. Mkia unafunguka kama upepeo. Au mwili unakuwa mwembamba, umekazana, unaegemea nyuma. Ukiona lolote kati ya hayo usilete kidole. Kusubiri dakika kumi si kushindwa. Mkono ambao haujafika hauwezi kuvutwa, na ndege aliyesikilizwa akinong'ona hana haja ya kupiga kelele.

Je, akikung'ata kweli? Usivute. Ncha ya mdomo wa juu imepinda kama ndoana, na ngozi huchanwa na kule kuvuta zaidi kuliko ule mbano wenyewe. Sukuma mkono taratibu kumwelekea yeye, kiasi cha sentimita moja. Akikosa pa kubania ataachia. Usiseme kitu, usikunje uso. Mshushe kwenye kijiti au juu ya meza, mgeuzie mgongo kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, kisha mwombe jambo jepesi analoliweza ili kipindi kiishe vizuri. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ukipata homa na kikohozi kikavu katika wiki mbili zinazofuata, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna kasuku.

Kuhusu adhabu tuelewane. Kumpiga kidole mdomoni, kumrushia maji, kumtikisa mkononi ili ayumbe, kumfungia chumba cha giza saa nzima: yote haya yanaongeza kung'ata. Hilo la giza ndilo linalopendwa zaidi, na halina maana. Ndege haunganishi giza hilo na kosa lake, anachojua ni kwamba amefungiwa. Glavu za ngozi nazo ziacheni. Zinakupa wewe ujasiri, lakini yeye anafundishwa kuogopa kila mkono mnene, na bila glavu huna ulichojenga.

Kuna wanaofanya yote sawasawa na bado ndege anang'ata jioni. Angalieni tundu liko wapi. Likiwa sebuleni kando ya runinga inayozimwa saa tano usiku, ndege halali, na anahitaji giza na utulivu wa saa 10 hadi 12. Mfunikeni kwa shuka jeusi linalopitisha hewa, saa moja na nusu jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, au mhamisheni chumba kingine. Mdomo nao unataka kazi: gunzi la mahindi likavu na vijiti vibichi vya mpera, vibadilishwe kila baada ya siku mbili. Asiyekuwa na cha kutafuna atatafuna kitasa cha tundu, kisha kidole.

Akianza kugusa kidole na kupanda bila kubana kwa siku tano mfululizo, mmefika.

Kabla hamjaanza, kusanyeni watu wote wa nyumbani. Neno liwe moja kwa wote, na mkono uwe huo mmoja kwa wiki mbili za kwanza, wa yule mtulivu kuliko wengine. Watoto wadogo wamlishe kwa kudondosha chakula bakulini, wasinyooshe vidole. Mtoto mmoja anayechokoza kwenye waya na kukimbia akicheka hubomoa kwa dakika mbili kazi ya wiki nzima, maana anafanya lilelile tunalolikataza: kuleta mkono, kisha kuuvuta.