Kumpata Mpangaji Kabla Nyumba Haijaingia Kwenye Jina Lako

Jijini Dar es Salaam, kutoka siku ya kutia saini mkataba wa mauziano hadi jina lako kuingia kwenye hati, miezi inaweza kupita. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya mauzo, ya kulipwa TRA, kibali cha Kamishna wa Ardhi, ushuru wa stempu na usajili wenyewe. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia ndugu yangu aliyenunua nyumba Tabata na kutaka mpangaji aingie mara funguo zitakapokabidhiwa.

Hatua ya 1: Ruhusa ya muuzaji

Mwombe wakili aweke kwenye mkataba wa mauziano kifungu kinachokuruhusu kuleta watu kuitazama nyumba, kwa siku na saa zilizokubaliwa. Mke au mume wa muuzaji, ambaye ridhaa yake inahitajika ikiwa nyumba ni ya familia, naye asaini kifungu hicho. Vinginevyo utafika na mteja getini ukaambiwa baba hayupo, rudini Jumamosi.

Hatua ya 2: Bei

Ulizia kodi za nyumba za jirani, kisha pima umbali hadi kituo cha daladala au mwendokasi, maji ya DAWASA, na kama kila mpangaji ana Luku yake.

Hatua ya 3: Dalali

Mimi humchagua dalali mmoja wa mtaa huohuo, anayefahamika kwa mjumbe, kuliko kutawanya picha mitandaoni ambako nyumba moja hutangazwa na madalali wengi kwa bei tofauti. Mweleze wazi kwamba mauziano hayajakamilika, na kwamba haruhusiwi kupokea kodi wala malipo ya kushikilia chumba.

Hatua ya 4: Makubaliano ya awali

Hapa ndipo penye kazi. Mpangaji wa Dar es Salaam amezoea kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na akiipenda nyumba atataka kulipa leo ili asipokonywe. Usipokee. Hadi uhamisho usajiliwe, mmiliki anayetambulika ni muuzaji, na kodi utakayokuwa umeinunulia rangi na vigae itadaiwa siku kibali kitakapokwama, huku mpangaji ameshaaga kwa mwenye nyumba wake wa zamani.

Badala ya mkataba wa pango, andikeni makubaliano ya awali yanayosema kwamba upangaji utaanza tu baada ya uhamisho kusajiliwa na nyumba kukabidhiwa, na yanayotaja kiwango cha kodi pamoja na tarehe ya mwisho ambayo ikipita kila mmoja yuko huru. Kama kuna fedha ya kuonyesha nia, ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, irudishwe yote endapo mauziano yatavunjika. Mtu anayehama wiki ijayo usimzuie. Anayefaa ni yule ambaye mkataba wake wa sasa umebakiza miezi kadhaa.

Wapo wanaoshauri muuzaji asaini mkataba wa pango yeye, kisha nyumba iuzwe ikiwa na mpangaji ndani. Siupendi utaratibu huo, kwa sababu kodi inaingia mfukoni mwa muuzaji, na mauziano yakifa utakuwa umemtafutia mpangaji bure.

Kama tayari kuna wapangaji ndani, waulize wao wenyewe wamelipa hadi lini na uone risiti, kwa maana chumba ambacho muuzaji anasema kimelipiwa hadi Machi huenda kimelipiwa hadi Agosti. Kodi ya miezi itakayoangukia kwako ikatwe kwenye bei ya nyumba, na jambo hilo liandikwe.

Hatua ya 5: Utambulisho

Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa anakotoka.

Hatua ya 6: Makabidhiano

Kagueni bili ya maji na namba ya mita ya Luku kwa pamoja. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia Luku, hivyo katika nyumba iliyokaa tupu kwa miezi, umeme wa kwanza utakaonunuliwa unaweza kukatwa malimbikizo. Nunua wewe kabla mpangaji hajaingia. Kisha ndipo mkataba wa pango utiwe saini na wakili aachie ile fedha ya kuonyesha nia.