Kwenda Uzi kwa miguu: anza na saa ya kurudi

Nilifundisha kisiwani Uzi, Zanzibar, miaka sita huku nyumbani kwangu ni Unguja Ukuu, ng'ambo ya pili. Kila siku ya kazi nilivuka njia ya mawe inayokata mikoko, ambayo maji yakijaa hufunikwa, asubuhi kwenda, mchana kurudi, na bahari ndiyo iliyokuwa ikinipangia ratiba. Sasa nimestaafu, ila vijana wa mjini hawajaacha kuniuliza: "Mwalimu, tunataka kwenda kutembea Uzi Jumapili, twende saa ngapi?" Nami huwajibu kwa swali: Jumapili hiyo mwezi ngapi?

Si mwezi wa Juni au Julai. Naulizia mwezi wa angani. Chukua kalenda ya Kiislamu ya ukutani, hii inayoning'inia kila nyumba Unguja, utazame tarehe. Mwezi ukiwa mmoja au kumi na tano, maji kwetu hukupwa, yaani hutoka pwani, mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi nne maji yamekupwa saa sita na nusu hivi mchana. Mwezi nane yanakupwa saa kumi alasiri, na hapo ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, ufukwe haukauki vizuri, na safari ya kutembea pwani haina ladha. Mwezi kumi na tatu unarudi kwenye saa mbili za asubuhi. Kwa kuwa mwandamo unaweza kupishana siku moja na kalenda, hesabu hii ni ya kuchagulia siku. Ya kukanyagia njia, angalia jedwali la maji la bandari ya mjini, kisha muulize mvuvi.

Siku nzuri kabisa ni za bamvua, yaani mwezi kumi na tano mpaka kumi na nane, na vilevile mwezi mmoja mpaka mwezi nne. Maji hutoka mbali, unaona bahari imekuwa uwanja, kina mama wametawanyika na ndoo zao wakiokota chaza, tondo na kombe, wengine wanachokoa pweza. Ila bamvua linalokukaushia uwanja mpana ndilo linaloujaza kwa kishindo. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa siku hizo hukaribia mita 4. Na hayapandi sawasawa. Ugawe huo urefu mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Saa ya kwanza unajiambia "mbona bado, kifundoni hata hayafiki." Ikifika saa ya tatu, ndani ya saa hiyo moja tu yanaongezeka mita nzima. Wanaokamatwa njiani wengi wamedanganywa na ile saa ya kwanza.

Kwa hiyo mimi huanza kupanga kwa saa ya kurudi. Tuseme leo mwezi kumi na sita, jedwali linasema maji yamekupwa saa tano kasorobo. Kanuni yangu ni saa mbili kabla na saa mbili baada. Mwisho wa kuikanyaga njia ya kurudi ni saa saba kasorobo. Si saa ya kuondoka kijijini, ni saa ya mguu kuwa juu ya mawe. Ukitoa nusu saa ya kutoka pwani mpaka kwenye mikoko, na nusu saa ya salamu (usiicheke, Uzi hupiti bila kusalimu), saa sita kasorobo uwe umeshageuza uso. Kuvuka kwenda, ingia saa tatu kasorobo, maji yakiwa bado yanashuka, na nusu saa baadaye uko ng'ambo.

Hesabu iliyobaki ni saa mbili na nusu za kutembea. Kwa hiyo kukizunguka kisiwa chote kwa maji kupwa mara moja, usijaribu. Kisiwa ni kirefu, kijiji cha Uzi kipo kaskazini na Ng'ambwa iko kusini, na chini zaidi kuna kisiwa cha Vundwe. Ukiwa na siku moja, tosheka na upande wa magharibi karibu na Uzi, unaoitazama Ghuba ya Menai na vile visiwa vidogo kama Kwale na Miwi. Anza kwa kwenda kando ya maji, kisha rudi kwa njia ya ndani ya mashamba. Usifanye kinyume, kwani ukirudi pwani maji yanajaa, kwenye jabali la matumbawe utakuta kile kijifukwe ulichokipita hakipo tena, na kulipanda jiwe lile ni kuchana mikono. Mwenye kutaka kufika Ng'ambwa kwa raha azungumze mapema na wenyeji alale, avuke leo atoke kesho. Kumbuka tu kwamba kesho saa zote zimesogea dakika 50.

Viatu. Kandambili acha nyumbani, tope litazila. Viatu vya ngozi pia. Vaa yeboyebo za kufunga kisigino au raba kuukuu, maana mawe ya ile njia ni ya matumbawe na yana meno, na mizizi ya mkoko iliyochomoza kwenye tope haina huruma na unyayo. Kwenye maji ya kina kifupi buruza miguu, usiinyanyue. Samaki taa hujifukia mchangani, ukimbugudhi pembeni anaondoka, ukimkanyaga mgongoni anakupiga mwiba. Aliyepigwa atiwe mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kisha apelekwe hospitali. Na wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mashimo ya jiwe, wewe pita mbali.

Nieleze namna ya kuyasoma maji, kwa sababu simu huzima na chaji huisha. Katikati ya njia, kuna mahali maji hupenya kati ya mawe hata yakiwa yamekupwa. Simama hapo. Okota jani kavu la mkoko lililoanguka, liweke juu ya maji. Likichukuliwa kwenda baharini, maji bado yanatoka. Likisimama linazunguka pale pale kama halijui liendako, yamesimama, na hapo tazama saa yako. Likirudi kuelekea ndani ya mikoko, yameanza kujaa hata kama njia nzima ni kavu. Dalili nyingine ni vishimo vya kaa: vinatoa mapovu kabla hujaona maji yenyewe. Maji hayakujii kwa mbele ukayaona kama wimbi. Yanapanda kimya kutoka pembeni, ndani ya mikoko, na unashtukia mbele na nyuma kote kumeungana.

Hayo nilijifunza mwaka wangu wa kwanza. Kulikuwa na arusi, pilau ilichelewa, nami nikaona aibu kuaga kabla ya kula. Nilipofika njiani maji yalikuwa kwenye ugoko, nikasema nitawahi. Nusu ya njia yalifika kiunoni, daftari za wanafunzi nimeziweka kichwani, na kila nikinyanyua mguu mkondo unanisukuma kando ya mawe. Niliokolewa na mzee mmoja na mtumbwi wake. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwalimu, leo mwezi ngapi?" Sikujua. Basi akanyamaza mpaka ng'ambo.

Adabu za kisiwani ni chache. Wageni mkiwa kundi, pigeni hodi kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, atawapa kijana wa kuwaongoza. Vaeni nguo za heshima, wanaume kwa wanawake, kwani ufukwe huu si wa hoteli. Wakubwa muwaamkie shikamoo. Picha za kina mama walio pwani, ombeni kwanza, na chaza msiokote: kwenu ni mchezo, kwao ni kitoweo. Ukiwaona kima punju mikokoni, watazame kwa mbali, usiwape ndizi. Ijumaa mimi siipendi kwa safari hii, maana maji yakikupwa saa sita mwongozaji wako yuko msikitini, na ndivyo inavyopaswa.

Kuhusu daraja la kuvukia kwenda Uzi, watu wa kisiwani walilingoja miaka na miaka, na walikuwa na haki, mjamzito hawezi kungoja maji. Lakini anayekwenda kutembea pwani bado ana hesabu ileile, kwa sababu ufukwe unajaa daraja likiwepo au lisiwepo.

Na ikitokea saa imekupita, mwenyeji anakushika mkono anakwambia kaa ule kwanza, basi kaa ule, ulale. Usiku maji yatakupwa tena, lakini usivuke gizani, ngoja asubuhi. Ndiyo maana mkobani mwangu, hata kwa safari ya muda wa saa nne tu, hakukosekani kikoi, tochi na chupa mbili za maji ya kunywa.