Nyaya za Kufukia Ukutani Nyuma ya Televisheni

Ukuta wa matofali ya saruji ukishapigwa plasta na rangi, kubadilisha waya uliofukiwa ndani yake ni kuchimba upya; kwa hiyo chagua kwanza bomba, kisha waya. Bomba la milimita 20 ambalo mafundi hulitumia kwa nyaya za taa halifai, kwa sababu kichwa cha waya wa HDMI, yaani ule unaopeleka picha na sauti kwenye televisheni, kina upana unaokaribia milimita hizo hizo 20, nacho hukwama. Weka la milimita 50, lenye kona za mviringo badala ya kiwiko kikali, na uache ndani yake kamba ya kuvutia nyaya za baadaye.

Waya wa HDMI wa shaba hutosha kwa picha kali ya 4K usipozidi takribani mita 5. Zaidi ya hapo nunua wa nyuzi za mwanga, ukikumbuka kwamba huo una ncha ya king'amuzi na ncha ya televisheni, na ukizigeuza hupati picha. Ujaribu ungali sakafuni. Ongeza waya wa RG6 kwa ajili ya dishi, na waya wa mtandao wa Cat6 wa shaba tupu, kwani wa bei chee mara nyingi ni wa alumini iliyopakwa shaba.

Waya laini wa umeme uliokuja na televisheni usiufukie kamwe. Fundi umeme avute nyaya za milimita za mraba 2.5 katika bomba lake la pekee, lisilochangiwa na nyaya za picha, kisha afunge soketi iliyozama ukutani ili plagi isiisukume televisheni mbele.